Kichupa Kilichokataa Kufifia

Kila asubuhi, kabla hajanywa maji yake ya kwanza, shangazi yangu huinua glasi mpaka usawa wa dirisha, hufumba jicho moja na kuitazama. Hatafuti uchafu. Anatazama kama mwanga unapita moja kwa moja au unatawanyika njiani. Akiridhika hunywa, na asiporidhika hunywa vilevile. Dada yangu humwambia, "Shangazi, hayo ni maji ya bomba, hayana mtihani, kunywa tuondoke." Naye hujibu kwamba anayefanya mazoezi hapo ni jicho.

Mimi na dada tumekulia kwake. Kwa miaka mingi alifundisha kemia sekondari, mpaka chaki ikawa kama imehamia kwenye mistari ya viganja vyake. Kisha, katika umri ambao walimu wenzake walianza kuzungumzia kustaafu, akarudi chuo kikuu kusomea shahada ya uzamivu. Ukimuuliza jirani shangazi anafanya nini huko, atakwambia anapika mafuta. Si uongo. Anachopika ndani ya hayo mafuta ndicho ambacho jirani hawezi kukiona, wala mimi, wala yeye mwenyewe bila hadubini ya kuazima.

Ni fuwele. Chembe ya chumvi ni fuwele, na chembe ya sukari pia, lakini fuwele za shangazi ni ndogo kiasi kwamba zikipangwa foleni, maelfu kwa maelfu zitaenea katika upana wa unywele mmoja. Huzitengeneza kwa metali iitwayo indiamu na fosforasi, katika chupa ya mviringo yenye mafuta ya moto, ndani ya kabati la kioo linalovuta moshi. Zikiiva huonekana kama chai ya rangi. Ukizimulika kwa tochi ya mwanga wa zambarau, zinatakiwa ziwake kwa rangi yao wenyewe: zilizo ndogo zaidi kijani, zilizonenepa kidogo nyekundu. Zinatakiwa. Za shangazi mara nyingi hazikuwaka.

Aliwahi kunieleza sababu siku moja tulipokuwa tunakunja mashuka, kila mmoja ameshika pembe zake.

"Atomu iliyo katikati ya fuwele ina majirani kila upande," alisema. "Mikono yake yote imeshikwa. Lakini iliyo ukingoni, upande wa nje haina mtu. Mkono unabaki unaning'inia."

"Na fuwele ikiwa ndogo kabisa?"

"Basi karibu kila mtu yuko ukingoni. Inakuwa uso mtupu."

Tukasogeleana, pembe zikakutana, akachukua shuka. Aliendelea kuzungumza akilikunja juu ya kifua, sauti yake ikiwa ile ya mtu anayesimulia mahali alikopita utotoni. Mwanga ukiingia kwenye fuwele, alisema, huzunguka humo kitambo kifupi sana, kisha hutoka umebadilika rangi. Ila ukikutana na mkono unaoning'inia, hunaswa hapo na kuishia kuwa joto, na nje hakuna anayejua kwamba uliwahi kuingia. Mafuta anayopikia husaidia kiasi. Molekuli zake zenye mikia mirefu hushikilia uso wa fuwele na kusimama kama manyoya ya paka, ili fuwele zisigandamane. Lakini manyoya ni manene, hayawezi kubanana, na katikati yake hubaki mikono mitupu.

"Nataka kujua nani anaweza kuishika," alisema. "Ndiyo tasnifu yangu yote, ukiondoa kurasa za kushukuru watu."

Rafu yake maabarani ilijaa vichupa vilivyofifia, vingine vilikuwa vyeusi kama maji ya makaa. Kimoja tu kilikataa. Alikipika mwaka aliozaliwa mtoto wa dada, tunayemwita Bonge, wakati nyumba nzima ilinuka maziwa na usingizi. Nilikiona mara ya kwanza nilipompitia shangazi jioni moja ili turudi wote. Alivuta pazia, akawasha tochi, na kichupa kikajaa rangi ya ganda la chungwa bivu. Kilionekana kama kilikuwa kinawaka tangu zamani na sisi ndio tuliochelewa kufika. Tulisimama tukiwa tumeinama, vichwa vimegusana. Hewa, ambayo huzizima fuwele kama hizi, ilikuwa imeingia humo mara nyingi, mwaka umepita na mwingine, na bado kiliwaka.

Shangazi hakujua kwa nini. Alikuwa amerudia mapishi yale yale, vipimo vile vile, joto lile lile, mafuta kutoka dumu lile lile. Kila mara alipata chai nyingine isiyowaka. Alikuwa kama mpishi aliyepatia mchuzi siku moja, akabaki kuonja vijiko maisha yake yote.

Kwa sababu hiyo fundi wa mitambo, kijana anayehudumia mashine za kupimia na kumtania kila apitaye, alimbandika jina la Dokta Kesho.

"Dokta Kesho, vipi, leo kumekucha?"

"Kwa wavivu bado."

"Mimi nakuombea. Nimeshanunua suti ya mahafali yako, sasa inaanza kunibana."

"Punguza kula, mwanangu. Mimi ninakuja."

Utani ule ulikuwa na ncha. Chuo kilikuwa kimempa shangazi nyongeza ya mwisho. Mwaka wa masomo ukiisha kabla hajawasilisha, jina lake lingefutwa. Na Profesa aliyemsimamia, mwanamume mpole anayezungumza kana kwamba chumba cha pili kuna mtu amelala, alikuwa amemweleza wazi kwamba tasnifu ile ina shimo katikati. Alikuwa na rafu nzima ya vichupa visivyowaka na kimoja kinachowaka, na hakuwa na sentensi hata moja ya kusema kwa nini. Watahini wangeliona shimo hilo kutoka mlangoni.

Njia ya kujua ilikuwepo. Alipaswa kuziosha fuwele zile kwa spiriti mpaka mafuta yote ya ziada yaondoke, abaki na kile tu kilichoshika uso. Kisha nusu aitumie kuyachunguza manyoya, nusu aiyeyushe ndani ya asidi kali na kuipima ina elementi gani. Tatizo ni kwamba kwa miaka alikuwa amechota tone hapa, tone pale, na kilichobaki kilikuwa kama kijiko cha chai. Kuosha kungepunguza, asidi ingemaliza. Angejua, lakini asingekuwa nacho tena. Na kama jibu lisingepatikana, angebaki hana jibu wala kichupa.

Alizungukazunguka jambo hilo majuma kadhaa. Nyumbani alikuwa anaosha kikombe kilichokwisha kuoshwa. Alisimama mbele ya kabati la nguo akasahau alichofuata. Dada alininong'oneza, "Shangazi yupo, ila hayupo."

Siku aliyoamua, nilikuwepo. Ilikuwa alasiri, mvua nyepesi ilikuwa inateleza kwenye vioo, na maabara yote ilikuwa na ule mlio wa feni unaomfanya mtu asahau kwamba kuna mlio. Alimimina spiriti, na kichupa kikachafuka kama maziwa yanapoingia kwenye maji. Akamimina kwenye mrija, akauweka kwenye mashine ya kuzungusha, akautoa, akamwaga kioevu cha juu, akarudia. Chini ya mrija lilibaki tope kidogo, rangi ya kutu. Aliligawa sehemu mbili. Sehemu moja aliitia asidi mwenyewe. Ilitoa mapovu machache, ikawa safi kabisa, na alipoimulika kwa tochi hakukuwa na kitu. Kioevu kilikuwa cheupe kama machozi.

Fundi wa mitambo aliupokea mrija ule kwa mikono miwili, kwa mara ya kwanza bila utani.

"Nikupimie nini, mama? Indiamu na fosforasi?"

"Pima kila kitu ambacho mashine yako inakijua," shangazi alisema. "Nimechoka kutafuta nilichoweka."

Jibu lilikuja juma lililofuata. Manyoya yalikuwa yale yale ya siku zote. Indiamu ilikuwepo, fosforasi ilikuwepo, na kando yao, kwa wingi usioweza kabisa kuwa kosa la mashine, zinki.

Shangazi hakuwa ametia zinki. Hakuwahi kuwa nayo. Siku zile alikuwa kama mwenye nyumba aliyekuta viatu vya mgeni mlangoni na hajui mgeni yuko chumba gani. Alipima mafuta, hayakuwa nayo. Alipima spiriti, vizibo vya mpira, glavu, hata maji ya kuoshea vyombo. Glavu zilikuwa na chembe kidogo, lakini zisingetosha hata robo. Lakini jambo lenyewe, alisema, lilikuwa zuri mno kiasi cha kumnyima hamu ya kula. Zinki ni ndogo, inapenya kati ya manyoya. Zinki ndiyo iliyokwenda kuishika ile mikono.

"Kwa hiyo umepata," nilimwambia.

"Nimepata aliyeshika. Sijapata aliyemleta."

Jumamosi moja asubuhi Bonge, ambaye sasa anakimbia kuliko anavyotembea, alijikwaa kwenye ngazi ya nyuma akachubuka goti. Aliingia ndani akichechemea zaidi ya ilivyohitajika.

"Bibi, damu."

"Naiona. Inakusalimia. Kaa hapo."

Shangazi alimsafisha, kisha akapapasa kwenye rafu ya bafuni akashusha kopo la zamani la krimu nyeupe, ile ambayo kina mama huwapaka watoto wachanga wakipata vipele vya nepi. Dada hakuwahi kulitupa. Alimpaka Bonge gotini, akampulizia, kisha akaenda kunawa mikono kwenye sinki. Nilikuwa jikoni, mlango wazi. Niliona maji yanaanguka juu ya vidole vyake, yanajikusanya kuwa shanga na kuviringika kando. Weupe haukutoka. Alisugua. Haukutoka. Akaacha kusugua, akabaki ameinua kidole kimoja mbele ya uso, na maji yanaendelea kumwagika.

"Bibi, unaota?" Bonge aliuliza.

"Ninaota, ndiyo. Niletee hilo kopo."

Maandishi ya kopo yalikuwa yamefifia lakini yalisomeka: unga wa zinki, uliokorogwa ndani ya mafuta mazito. Shangazi alikaa kwenye ukingo wa beseni na kunieleza yote polepole, bado amekiinua kidole kile.

Baada ya kumzaa Bonge kwa upasuaji, dada alilazwa tena kwa muda mrefu. Asubuhi shangazi ndiye aliyemwogesha mtoto na kumpaka krimu, kisha jirani akampokea na yeye akaenda maabara. Pale maabara, kabla ya kupika, shingo ya chupa ya mviringo hupakwa grisi ili kizibo cha kioo kisigande. Kila mtu huipaka kwa kidole kitupu, kwa sababu ukivaa glavu husikii kama imeenea. Naye aliipaka hivyo hivyo, kwa kidole kilichotoka kwa mtoto, chenye weupe usiotoka kwa maji wala kwa sabuni ya haraka. Mafuta yalipochemka, mvuke ulipanda mpaka shingoni, ukapoa, ukateremka ukiisuuza grisi na kila kilichokuwa ndani yake. Ndani ya giza lile la mafuta, fuwele zilikuwa zinaogelea na mikono yao wazi, na zinki ikaingia.

Jumatatu alilibeba kopo kwenye mkoba, amelisokomeza ndani ya soksi ya Bonge lisichafue karatasi. Alipaka krimu kwenye shingo ya chupa kwa makusudi, akapika. Alipovuta pazia na kuwasha tochi, rangi ya chungwa ilikuwepo. Kisha alichukua chumvi safi ya zinki kutoka kwenye chupa ya dukani, akapika tena, na hiyo ikawaka zaidi, ikaangaza hadi kwenye kucha zake.

Fundi wa mitambo alitazama vile vichupa viwili kwa muda. "Yaani miaka yote hii," alisema, "tumesumbuliwa na matako ya mtoto."

"Ya mjukuu wangu. Yaheshimu."

Ilionekana kama safari imefika. Lakini alipompelekea Profesa sura mpya ya tasnifu, nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje ya ofisi yake na mlango haukufungika vizuri, nikasikia sauti yake ya taratibu.

"Hii sehemu ya krimu, mwalimu. Iondoe."

"Ndivyo ilivyotokea, Profesa."

"Najua. Lakini sasa umeongeza zinki mwenyewe, kwa kipimo, na inafanya kazi. Andika kwamba uliongeza zinki. Utakuwa umesema uongo gani?"

"Kichupa cha kwanza sikuongeza."

"Kichupa cha kwanza hakipo. Funika kombe mwanaharamu apite." Nikasikia akifunua kurasa. "Nisikilize. Ukiandika kwamba mkono wako ulikuwa na zinki mwaka ule, swali la kwanza la mtahini litakuwa juu ya vichupa vingine vya mwaka ule. Nusu ya vipimo vyako vinatoka huko. Atakuwa na haki ya kuvitilia shaka vyote. Na muda wako unaisha. Sikutishi. Nataka uhitimu."

"Najua unataka, Profesa. Nashukuru."

Alitoka, tukatembea mpaka nyumbani chini ya taa za barabarani zilizokuwa zimeanza kuwaka moja moja. Nyumbani dada naye alikuwa na lake.

"Shangazi, na mimi nasikia unataka kumwandika mwanangu kwenye kitabu cha chuo. Watu wasomi wasome habari za vipele vyake?"

"Sikumtaja jina. Nimeandika 'mtoto mchanga'."

"Kila anayetujua atajua."

"Basi watajua pia kwamba alipona."

Dada alicheka bila kutaka. Shangazi alienda chumbani na kufunga mlango. Nilijua ndani kuna kurasa mbili juu ya meza, moja yenye krimu na moja isiyo nayo, na kwamba shahada yake ilikuwa inaning'inia kati ya hizo mbili. Asubuhi alipeleka tasnifu kwa mchapaji. Sikuthubutu kuuliza ni ukurasa upi.

Siku ya utetezi wa tasnifu niliketi safu ya nyuma, kwa kuwa watu wa nje huruhusiwa kusikiliza. Chumba kilikuwa kirefu, pazia lake la kijani liliufanya mwanga uwe kama wa chini ya maji. Shangazi alisimama mbele amevaa gauni lake la zamani la kufundishia. Alieleza vizuri. Alipofika kwenye mikono inayoning'inia alisahau kidogo kwamba anatahiniwa, akaishusha sauti kama siku ile ya mashuka, na nikaona watu wazima wanainama mbele ili wamsikie.

Mtahini mgeni, mama mwembamba aliyetoka chuo kingine, alifungua ukurasa alioukunja pembe.

"Hapa umeandika kwamba katika kichupa cha kwanza zinki haikuongezwa. Ilitoka wapi?"

"Kwenye krimu ya vipele vya nepi. Nilikuwa nalea mjukuu. Ilikuwa mkononi mwangu nilipopaka grisi."

Mtu mmoja akakohoa, kikohozi cha kuficha kicheko. Profesa aliinamisha kichwa.

"Na siku nyingine za mwaka ule," mama yule aliuliza, "mkono wako ulikuwaje?"

"Sijui," alisema shangazi. "Mtoto alikuwa na vipele mara kwa mara."

Walimtoa nje, wakajadili kwa muda mrefu, wakamwita. Hawakumfelisha, na jina lake halikufutwa. Lakini hawakumpa shahada. Walimwongezea muda ili apime upya kila kichupa cha mwaka ule, atafute zinki katika kila kimoja, na aandike upya kila mchoro utakaoguswa. Mtahini mgeni alimpa mkono na kuuacha mkononi mwake muda mrefu kidogo kuliko kawaida, lakini hakubadili neno.

Fundi wa mitambo alikuwa anangoja kwenye korido amevaa ile suti, na kweli ilimbana. Alisoma uso wa shangazi kabla hajaambiwa.

"Pole, Dokta Keshokutwa."

"Asante, mwanangu. Washa mashine. Nina vichupa vingi."

Mpaka ninapoandika haya bado anapima. Vichupa viwili vingine vimekutwa na zinki, kidogo tu, lakini mchoro aliokuwa anaupenda kuliko yote, ule uliopanda kama ngazi ya nyumba nzuri, umeanguka kwa sababu ya zinki hiyo. Aliukata kwenye tasnifu kwa mkasi na kuutupa, kisha akachemsha chai. Anarudi jioni macho mekundu, ananisimulia kuhusu nyuso za vitu vidogo mpaka usingizi unanipanda, na sijui kama ninachokumbuka asubuhi ni alichosema au nilichoota.

Mimi si mwepesi wa kuuliza watu mambo yao. Lakini jana tulikuwa wawili tu, amekaa na miguu juu ya kigoda, vidole vyake vimekunjamana kwa spiriti, na nikamwuliza swali pekee nililokuwa nimelibeba muda wote huo. Nilimwuliza kwa nini hakuandika tu kwamba zinki aliiweka mwenyewe, kwa makusudi, sasa hivi angekuwa daktari na hakuna ambaye angejua.

Aliniangalia kana kwamba nimeuliza ni saa ngapi.

"Kwa sababu sikuiweka," alisema.